Mtihani wa utungaji usiomtaka mtoto atunge

*Kutoka Mbagala hadi Bunju, watoto hufundishwa kuokota jibu ndani ya kifungu cha habari. Kukielewa kifungu hicho, kukihoji, na kumshawishi mtu kwa maandishi bado ni kazi isiyo na mwenyewe.*

SOMA sentensi hizi nne. *Alipofika alikuta foleni ya ndoo imefika barabarani. Mama alimtuma Asha kuchota maji kabla ya kwenda shule. Siku hiyo aliingia darasani saa tatu. Aliamua kusubiri kwa sababu nyumbani hapakuwa hata na maji ya kunywa.*

Sasa zipe herufi A, B, C na D ili habari iwe na mtiririko.

Sentensi zenyewe zimetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini swali la namna hii wanalijua wote waliokaa kwenye dawati la darasa la saba miaka ya karibuni. Katika karatasi ya Kiswahili ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, sehemu yenye maswali kama hilo imekuwa ikiitwa Utungaji. Mtahiniwa hatungi kitu. Anazipanga sentensi za mtu mwingine, anaweka kivuli kwenye herufi, anahamia swali linalofuata.

Mwaka 2024 watahiniwa waliosajiliwa kwa mtihani huo nchini walizidi milioni 1.2. Jijini Dar es Salaam, wilaya mbili tu za Temeke na Kinondoni zina watu zaidi ya milioni 2.3 kwa Sensa ya mwaka 2022: Temeke 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Watoto wa Charambe, Chamazi, Yombo Vituka, Tandale, Mwananyamala na Mabwepande wanatoka kwenye mtihani huo Septemba. Januari wanaingia kidato cha kwanza, ambako mwalimu wa Kiswahili anataka insha, barua rasmi na hotuba. Masomo mengine karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na maswali yake yanaanza kwa kumwambia mwanafunzi afafanue, ajadili, atetee.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na si kwa kukosa akili. Hakuna aliyewahi kuwataka waandike ukurasa mmoja wa mawazo yao wenyewe na kuurudisha kwao ukiwa umesomwa.

Vita ya herufi ilipiganwa

Nchi hii imewahi kuonesha kwamba ikiamua kusoma, inasoma. Katika miaka ya 1960 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kampeni ya kisomo, iliyopamba moto baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, iliwashusha wasiojua hadi karibu asilimia 10 katikati ya miaka ya 1980. Watu walisomea chini ya miembe na kwenye majengo ya shule baada ya watoto kutoka.

Kisha tukalegea. Ripoti ya kwanza ya Uwezo, mradi wa taasisi ya Twaweza, ilitoka mwaka 2010 na kusema kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 Serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walikuwa wameingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika. Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ambayo wazazi hawajayasahau: takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata ziro. Matokeo yale yalifutwa na kupangwa upya, lakini aibu haikufutika.

Jibu lilikuwa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkazo ukarudi darasa la kwanza na la pili, mtaala wa madarasa hayo ukabadilishwa mwaka 2015, walimu wakapewa mafunzo. Kazi ile ilikuwa ya haki na ilihitajika.

Ila KKK ni mlango tu. Mtoto anayeweza kusoma aya kwa sauti bila kukwama hajathibitisha kwamba ameielewa. Mtihani wa ufahamu, jinsi unavyorudiwa kwenye tuisheni za Mbagala Rangi Tatu na kwenye makambi ya shule kabla ya Septemba, umempa njia ya kupita bila kuelewa. Anaanza na swali, anatafuta neno la swali hilo ndani ya kifungu, ananakili sentensi inayolizunguka. Wanafunzi hufundishwa mbinu hiyo waziwazi, na inaleta maksi. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na hilo la kunakili sentensi za kifungu badala ya kujibu kwa maneno yao wenyewe ni miongoni mwa udhaifu unaotajwa humo.

> Mtoto anayeweza kusoma aya kwa sauti bila kukwama hajathibitisha kwamba ameielewa.

Bi Mwanahamisi na sarafu zake

Tuchukue kifungu kifupi, cha kutunga, kinachoweza kuandikwa ubaoni Jumatatu asubuhi.

*Tangu bomba la mtaa lipasuke, bei ya ndoo imepanda kwenye kila nyumba yenye kisima. Bi Mwanahamisi peke yake hajabadili bei. Foleni yake sasa ni ndefu kuliko zote. Lakini jioni watoto wake humkuta ameketi kizingitini akizihesabu sarafu mara mbili, kisha anaitazama pampu bila kusema neno.*

Swali la kwanza: nani hajabadili bei? Hili linajibiwa hata na asiyejua maana ya kizingiti. Jibu limelala hapo, linaokotwa.

Swali la pili: kwa nini anazihesabu sarafu mara mbili? Kifungu hakisemi. Mtoto analazimika kuunganisha: wateja wengi, bei ile ile, pampu. Mtoto wa Tandika au Tandale anajua kwamba pampu inakula umeme na umeme unanunuliwa kwa LUKU. Anajua kutoka nyumbani kwao, si kitabuni. Akisema pengine anachouza hakitoshi kulipia umeme wa kuvuta maji, ameelewa. Akisema pengine anaogopa pampu itaharibika na hana akiba, ameelewa vilevile, mradi aoneshe ni neno gani limemfikisha hapo. Mwalimu anayekubali jibu moja tu hapa anaua kile alichokuja kufundisha.

Swali la tatu: je, anafanya vyema kutopandisha bei? Toa sababu.

Swali hilo halimo kwenye mitihani mingi ya ufahamu, nami naliona kuwa ndilo muhimu kuliko yote. Pale mtoto anatoka kwenye kuelewa na kuingia kwenye kushawishi bila hata kugundua kwamba somo limebadilika. Anayesema ndiyo atataja majirani wasio na kitu. Anayesema hapana atasema pampu ikifa mtaa mzima utakosa maji, na wema wake hautawafaa tena. Darasa litagawanyika na kelele zitapanda. Mwalimu aziache dakika tano, kisha aseme: haya, kila mmoja aandike sentensi sita.

Shuleni kwetu tumevitenga vitu hivi kwa ratiba. Ufahamu una kipindi chake, insha ina chake, na mdahalo unasubiri Ijumaa mchana. Mtu asiyeelewa alichosoma hana cha kutetea, na asiyewahi kutetea kitu kwa maandishi husoma maneno ya wenzake kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni.

“Maji ni uhai”

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili kichwa kinachosema “Tatizo la maji katika mtaa wetu”. Insha nyingi zitaanza hivi: maji ni uhai, maji ni muhimu kwa binadamu, wanyama na mimea. Zitafuata faida za maji, hasara za kukosa maji, na mwisho mwandishi atatoa wito kwa Serikali na wadau. Kichwa kipo, utangulizi upo, kiini na hitimisho vipo. Maksi zitapatikana. Ila hakuna mtu popote, tangu mwenyekiti wa serikali ya mtaa mpaka waziri, ambaye angeinuka kitini baada ya kuisoma.

Sasa mpe kazi hiyo hiyo kwa sura nyingine: mwandikie mwenyekiti wa serikali ya mtaa, umwombe jambo moja analoweza kulifanya wiki hii. Ghafla mwanafunzi anahitaji tarehe bomba lilipopasuka, mahali lilipopasukia, bei ya ndoo ya zamani na ya sasa. Anahitaji kusema wanafunzi wangapi wa mtaa huo wamechelewa kipindi cha kwanza, na itambidi awahesabu. Anahitaji pia kujua mwenyekiti atajibu nini, ili amjibu kabla hajasema: *najua wenye visima wana gharama za umeme, na hatuombi wauze kwa hasara, tunaomba ukae nao, mkubaliane bei moja hadi bomba litakapotengenezwa.*

Uandishi wa kushawishi unaanzia kwenye sentensi hiyo ya mwisho, inayompa mpinzani haki yake kisha ikaendelea. Mtoto akiweza kuiandika mwenyewe hata mara moja, ataitambua kwa wengine maisha yake yote.

Watoto wetu hawana ububu. Wakae kibarazani wakibishana juu ya Simba na Yanga, utasikia takwimu za misimu, ushahidi wa mashuhuda, mpinzani akinukuliwa na kupanguliwa. Kwenye midahalo ya shule wanasimama mbele ya mwenyekiti na mtunza muda, wanaunga mkono au wanapinga kwamba mjini ni bora kuliko kijijini. Hoja zinasemwa, zinapigiwa makofi, zinaishia hewani. Daftari halijafunguliwa.

Hoja tatu kwa kila kitabu

Sekondari kuna neno “hoja”, na mwanafunzi wa kidato cha nne analitamka kila siku. Maswali ya fasihi humtaka atoe hoja tatu kutoka kila kitabu kati ya viwili alivyosoma. Vitabu vyenyewe kwa miaka mingi vimekuwa *Takadini*, *Joka la Mdimu*, *Watoto wa Mama N'tilie*, *Orodha*, *Kilio Chetu*, *Ngoswe* na diwani kama *Wasakatonge*.

Ni vitabu vyenye moto ndani yake. *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo inahusu jiji hili hili: Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa sare na ada, wanaishia kutafuta riziki jalalani. Mwanafunzi wa Mbagala anaweza kubishana na kitabu hicho kutwa nzima. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016. Je, Peter na Zita wa leo wamebaki shuleni? Sare zinanunuliwa na nani? Michango je?

Badala yake ananunua desa. Desa lina orodha: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, na mbele ya kila kipengele mstari mmoja wa maelezo. Anaimeza, anaitapika kwenye mtihani. Hoja kwake ni kitu kinachohesabiwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwamba hoja ni dai linalohitaji ushahidi, na kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga, hilo halimo kwenye desa. Wapo wanaofaulu Kiswahili bila kufungua riwaya hata moja, na walimu wenyewe wanalijua.

Somo aliloliacha Mwalimu

Kama kuna walimu wanaotafuta matini ya kufundishia ushawishi, iko moja iliyotafsiriwa na Rais wa kwanza wa nchi hii. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar*, tamthilia ya Shakespeare, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imerekebishwa, kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Ndani yake kuna hotuba mbili za mazishi.

Bruto anapanda jukwaani kwanza. Anaeleza kwa nini amemuua rafiki yake: Kaizari alikuwa na tamaa ya ukubwa, na Roma ingekuwa mtumwa. Maneno machache, yamepangwa, yanaeleweka. Umati unakubali. Kisha anapanda Antoni, aliyekatazwa kuwalaumu wauaji. Hawalaumu. Anarudia tena na tena kwamba Bruto ni mtu mwenye heshima, na kila anaporudia sifa hiyo inapungua. Anawaonesha watu vazi lenye damu. Anawaambia kuna wosia lakini hatawasomea, hadi wao wenyewe wanamlazimisha ausome. Anaposhuka, mji unawaka.

Darasa la kidato cha tatu likisoma hotuba hizo mbili kwa Kiswahili, maswali yanakuja yenyewe. Bruto alitoa ushahidi gani? Antoni je? Ni wapi Antoni anagusa akili na ni wapi anagusa machozi? Kwa nini umati uliokubaliana na wa kwanza ulimgeuka ndani ya nusu saa? Na swali gumu zaidi: aliyeshawishi vizuri zaidi ndiye aliyesema kweli?

Nyerere alilijua jambo hili kwa vitendo. Januari 1958, kwenye mkutano wa TANU Tabora, wajumbe wengi walifika wakitaka chama kisusie uchaguzi wa kura tatu, uliompangia kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Aliwashawishi washiriki, na historia inauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakushawishika, akatoka na kuanzisha chama chake. Watoto wanakariri tarehe ya mkutano ule. Wangefundishwa kuiandika hoja ya Nyerere aya moja, na ya Mtemvu aya moja, kwa uadilifu ule ule, wangejifunza historia na uandishi kwa mpigo.

Madaftari mia moja

Walimu wana jibu lao, nalo ni zito. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Tangu ada zifutwe, shule nyingi za pembezoni mwa Temeke zimeelemewa, nyingine zikipokezana watoto kwa zamu za asubuhi na mchana. Mwalimu mwenye madaftari 100, akitumia dakika tano kwa kila insha, anahitaji zaidi ya saa nane kusahihisha zoezi moja la darasa moja. Hana saa hizo. Anayemlaumu kwa kutotoa insha kila wiki aanze kwanza kuyabeba madaftari hayo.

NECTA nayo ina hoja yake. Mfumo wa kusahihisha kwa mashine, ulioanza na mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2012, ni wa haraka, na hautegemei uchovu wa msahihishaji wala mwandiko wa mtahiniwa. Baadaye maswali machache ya kujibu kwa maneno yaliongezwa. Kuongeza insha kwa watoto zaidi ya milioni moja ni gharama kubwa, na insha mbili zinazofanana zinaweza kupewa maksi tofauti na watu wawili.

Wazazi wenye uwezo kidogo, hasa kuanzia Tegeta kwenda Bunju, wamechagua njia ya tatu. Basi la njano linampitia mtoto alfajiri kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza, na aliyebaki mtaani wanasema anasoma Kayumba. Wanaamini tatizo ni lugha. Kwa sehemu wako sahihi: tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari, Serikali haikufuata, na watoto wanaendelea kuvuka daraja hilo wakiwa na miaka 13 au 14. Lakini mtoto asiyeweza kujenga hoja kwa lugha anayoiota usiku haijengi kwa kubadilishiwa lugha.

Majirani zetu wa Kenya, hadi KCPE ya mwisho mwaka 2023, walikuwa wakimtaka mtoto wa darasa la nane aandike insha ya Kiswahili ndani ya dakika 40. Mtihani ule ulikuwa na kasoro zake nyingi, na wameuacha. Ila ulimlazimisha mwalimu wa darasa la sita kufundisha insha.

> Mwalimu hufundisha kinachopimwa. Kisichopimwa hufundishwa na mwalimu mwenye moyo, na moyo hauna posho.

Ushahidi wa nguvu ya motisha upo hapa hapa. Mwaka 2013 na 2014 Twaweza iliendesha jaribio la KiuFunza kwenye shule 350 katika wilaya 10, Kinondoni ikiwa mojawapo. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonesha kupanda kwa matokeo ya watoto. Ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu kulingana na ujuzi wa wanafunzi, matokeo yalipanda. Lile lilikuwa jaribio la madarasa ya chini, na motisha ilikuwa fedha. Mtihani wa taifa ni motisha kubwa kuliko fedha, kwa sababu jina la shule linabandikwa ukutani.

Wakati huohuo kuna yanayowezekana hata kwenye darasa la watoto 100. Aya ya sentensi sita inasomwa kwa dakika moja, si tano. Mwalimu anaweza kusahihisha madaftari 20 kwa wiki kwa zamu, na waliobaki wakabadilishana wao kwa wao wakitafuta kitu kimoja tu: dai liko wapi, na sababu yake iko wapi? Anaweza kusoma aya mbili mbele ya darasa bila kutaja majina, watoto waseme ipi imewashawishi na neno gani limefanya kazi hiyo.

Kausha damu

Kwa nini tujali? Tazama simu ya mzazi yeyote wa mjini. Ujumbe wa kutaka “ile pesa” itumwe kwenye namba nyingine ni uandishi wa kushawishi: mfupi, wenye haraka, uliotungwa na mtu anayejua msomaji wake. Watu wametuma fedha.

Mikopo iliyobatizwa kausha damu imewafilisi akina mama wauza vitafunwa na mboga, na mara nyingi karatasi ya masharti ilisainiwa kabla haijaeleweka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Marufuku inasaidia. Mtu anayeweza kusoma masharti na kuuliza “hapa hawajasema nini?” analindwa hata pale marufuku haijafika.

Na upande wa pili wa karatasi nao una thamani. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Malalamiko kwa baraza la kata, maombi ya kazi, barua ya kupinga kuvunjiwa kibanda: vyote vinaandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa Yombo amezaliwa nayo, na vinahitaji hoja.

Nafasi iliyo mbele

Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa Januari 2025, inaleta elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto walioanza darasa la tatu na mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na watakaokuwa wakimaliza la saba. Kama kila mtoto anaendelea sekondari kwa lazima, basi upimaji wa mwisho wa msingi hauhitaji tena kuwa chujio. Unaweza kuwa kipimo cha alichojifunza, na kipimo hicho kinaweza kubeba aya moja ya kuandika kwa mkono: sentensi sita, dai na sababu zake. NECTA na Taasisi ya Elimu Tanzania wana muda wa kuipanga, kuijaribu kwenye wilaya chache na kuwaandaa wasahihishaji. Temeke na Kinondoni zingefaa kuwa za kwanza, maana jambo likiwezekana kwenye madarasa yaliyofurika, litawezekana kokote.

Mzazi asisubiri 2027. Kabla hujalipia tuisheni ya mwezi huu, omba uoneshwe daftari la insha la mwanao. Hesabu kurasa alizoandika kwa maneno yake mwenyewe tangu Januari, uangalie kama kuna mtu aliyezisoma. Usipoziona, nenda shuleni ukaulize.